Mwalimu Anajibu: Maji ya Goma yanachemka mapema, maharagi yanakawia

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na zenye nimechagua zote zinagusa jambo moja: vitu kugeuka. Barafu kuwa maji, maji kuwa mvuke, lava kuwa jiwe. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa juu inagusa mfuko wa kila nyumba hapa Goma, na ya mazuku, ile gesi ya kuua yenye inatoka mu udongo, naomba muisome mpaka mwisho hata kama kemia haiwahusu.

*

*Mwalimu jambo. Miye niko mama wa batoto bane, naishi Katindo. Ndugu yangu alikuja kututembelea kutoka Uvira, akaona vile napikaka maharagi akashangaa, anasema kwao ukiweka asubuhi saa sita ya muchana munakula, huku kwetu saa nane bado iko nguvu. Maji inachemka muzuri, nayaona, tena naongezaka makala ku babula ili ichemke na nguvu zaidi, lakini wapi. Ni maharagi njo mubaya ao ni nini? Makala imepanda bei sana, nisaidie.* — Mama wa Katindo

Mama, jambo sana. Maharagi yako hayana kosa, na ndugu yako hasemi uongo. Tofauti iko mu maji. Maji ya Uvira na maji ya Goma yote yanachemka, lakini hayachemki na joto moja.

Ku shule tunasomaka kwamba maji yanachemka kwa nyuzi 100, tunaandika mu kaye, tunakariri mpaka Exetat, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, na watu wengi wanazeeka wakijua 100 ni namba ya maji popote pale. Ile 100 ni ya kando ya bahari, kama kule Moanda. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na huku kwetu maji yanaanza kuchemka kwa nyuzi 95 hivi. Uvira iko chini, kando ya Tanganyika, mita kama 780, kule inafika 97 na kidogo. Butembo wenye wametupita kwa urefu wanashuka kwenye 94. Na kama ungebeba sufuria yako mpaka ku mdomo wa volkano ya Nyiragongo, mita 3,470, maji yangechemka kwa 88 ao 89, ungeona mapovu yanaruka vizuri kabisa na maharagi yangekucheka mpaka usiku.

Juu ya nini iko hivyo? Maji yameundwa na vipande vidogo sana, molekuli, zenye zinavutana. Ukizipa joto zinatembea mbio zaidi na zaidi, na zile za juu kabisa zingine zinaponyoka zinaingia mu hewa, hiyo inatokea hata mu maji ya baridi, hata sasa mu kikombe chenye kiko mbele yako. Lakini kuchemka ni jambo lingine. Kuchemka ni pale mvuke unafanyika ndani ya maji yenyewe, chini kabisa ku sufuria, unakuwa povu, na lile povu ili lisimame bila kupasuliwa linapashwa kusukuma kwa nguvu sawa na ile hewa yenye inakandamiza maji kutoka juu. Maana hewa iko na uzito, sisi hatuusikii juu tumezaliwa ndani yake. Moanda hewa yenye iko juu ya kichwa ni nyingi, inakandamiza sana, povu linahitaji joto mpaka 100 ndipo lishinde. Goma hewa yenye inabaki juu yetu inakandamiza karibu asilimia 84 tu ya ile ya bahari, povu linashinda mapema, njo maana maji yanachemka mbele hayajapata joto lote.

Na maharagi yenyewe hayajui habari ya mapovu, yanasikia joto tu. Ile ganda kulainika, ule wanga wa ndani kuiva, ni kazi ya joto, na nyuzi 2 ao 5 zenye zinaonekana kidogo kwa masikio, kwa maharagi ni muda mrefu wa kukaa ku moto. Nyama ya ng'ombe mzee ni vilevile. Ndizi na viazi hazisumbui sana.

Sasa mama nisikilize hapa, juu hapa njo pesa inapotelea. Maji yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena. Halipandi! Ukiweka makala kidogo yenye inashikilia mapovu yasikufe, maji yako kwa 95. Ukimwaga nusu ya gunia upulize mpaka babula iwe nyekundu, maji yanabaki kwa 95 ileile. Ule moto wa ziada wote unafanya kazi moja tu, kugeuza maji kuwa mvuke, na hiyo ni kazi yenye inakula moto kupita vile watu wanafikiri: lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 mpaka 95 inataka kilojuli (kipimo cha nguvu ya moto) kama 314, lakini kuigeuza lita ileile yote kuwa mvuke inataka karibu 2,270, ni mara 7. Kwa hiyo makala yenye unaongeza inapanda juu na mvuke, inatoka ku dirisha, maji yanaisha mu sufuria, unaongeza maji ya baridi, yanaacha kuchemka, unaongeza makala tena. Nimeona hii mu nyumba nyingi na inaniuma kweli, juu ile makala ni miti, na mingi inatoka mu pori ya Virunga.

Basi ufanye hivi. Usiku loweka maharagi, yalale mu maji, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya. Moto mkubwa mwanzoni tu, mpaka ichemke. Ikishachemka funika, tena funika vizuri, weka hata jiwe safi juu ya kifuniko, halafu funga mlango wa babula ubakishe hewa kidogo, moto uwe ule wa kushikilia tu, ukisikia mapovu yanaongea polepole inatosha. Ukihitaji kuongeza maji, yawe ya moto, uwe umeyaweka mu birika pembeni. Na ku soko uliza maharagi ya mavuno mapya, yale yenye yamekaa sana mu depo yanakuwa magumu na hakuna moto wa kuyasaidia haraka.

Kama familia inaweza kuchangishana, nunueni ile sufuria ya presha, yenye inafunga kabisa na iko na valvu juu. Mvuke haupati njia ya kutoka, unakandamiza maji kupita hata hewa ya Moanda, na maji yanapanda mpaka 115 ao karibu 120 mbele ya kuchemka. Maharagi yenye yalikuwa ya nusu siku yanaiva chini ya saa moja. Lakini usifungue kama bado inapiga mluzi ao kama valvu bado iko juu, hata kama mtoto analia njaa. Toa ku moto, ngoja presha iishe yenyewe. Ndani kuna maji ya 115, ukifungua kwa nguvu presha inashuka ghafla na yale maji yote yanataka kuchemka kwa mara moja, yanakurukia ku uso.

*

*Mwalimu, sasa kama maji yetu inachemkaka na 95 tu, ile mikrobe ya kolera inakufa kweli? Siye tunachotaka maji ku ziwa.* — Msomaji, Kyeshero

Inakufa, usiwe na wasiwasi. Kolera haisubiri 100, kwa 70 tayari iko inakufa haraka. Maji yakifika kuchemka kabisa, mapovu makubwa, acha dakika moja, inatosha kwa Goma. Wenye wanaishi juu kupita mita 2,000, ku milima ya Masisi kwa mfano, waache dakika 3. Yakisha kuchemka yafunike na uyaache yapoe mu chombo safi chenye mdomo mdogo, juu mara nyingi kolera inarudi na kikombe chenye mtoto anaingiza pamoja na mkono. Kama maji iko na udongo, uyachuje mbele na kitambaa safi.

*

*Bonjour Mwalimu. Niko elève wa humanité ya sayansi. Prof alitupa barafu mu kopo, termometa ndani, tukaweka ku moto kidogo kidogo, tukaandika joto kila dakika. Termometa ilikwama ku 0, moto iko inawaka, termometa haiendi. Wenzangu banasema termometa imekufa. Prof alisema tufikiri siye wenyewe. Nimefikiri nimechoka.* — Mwanafunzi, Himbi

Mdogo wangu, termometa yenu ni nzima, na mmeona kwa macho yenu kitu chenye wengi wanakikariri tu.

Barafu ni yabisi. Molekuli zake za maji zimeshikana kila moja ku fasi yake, zinatetemeka tu bila kuhama. Ukiweka moto ku barafu yenye iko chini ya 0, ule mtetemeko unaongezeka, na mtetemeko njo ile termometa inasoma, kwa hiyo namba inapanda. Ikifika 0, moto wenye unaleta unabadilisha kazi. Unaenda kukata yale mashikano, kutoa molekuli ku fasi zao ili zianze kuteleza moja juu ya ingine, yaani kuwa kimiminika. Hauongezi mwendo wao, njo maana termometa haioni kitu. Mpaka kipande cha mwisho cha barafu kiishe, mu kopo mnabaki kwa 0. Kikiisha, angalia, termometa inaanza kupanda palepale. Ukichora, mstari unapanda, unalala, unapanda tena, na ukiendelea mpaka kuchemka utalala mara ya pili, hapa kwetu ku 95, na ule ulalo wa pili ni mrefu sana kuliko wa kwanza kama moto ni uleule.

Namba zenyewe: kuyeyusha kilo moja ya barafu inataka kilojuli 334. Ukichukua huo moto wenyewe ukaupatia kilo moja ya maji yenye tayari yameyeyuka, ungeyatoa ku 0 mpaka 80. Fikiri hiyo, moto wa kupeleka maji mpaka 80 umetumika yote na termometa haijasonga hata nyuzi moja. Njo maana wauza juisi na soda baridi wanaweka barafu mu ndoo na si maji ya friji tu, barafu inakunywa joto la chupa saa nzima na inabaki 0 wakati maji ya friji yangekuwa yamepata joto zamani.

Na kitu kinarudi kwa deni lilelile. Mvuke ukigeuka tena kuwa maji, unarudisha moto wote wenye ulikula. Mama akifungua sufuria na ule mvuke ukamgusa mkono, mvuke unageuka maji juu ya ngozi na kumwaga ule moto wote pale, kwa hiyo kuungua na mvuke ni kubaya kuliko kuungua na maji ya moto ya joto lilelile. Uwaambie na wenzako: ukifungua kifuniko, ukiinulie upande wa mbali na uso.

Chupa ya kioo yenye wadogo zako wanajazaka maji mpaka juu na kuweka mu frizeri inapasuka juu maji yakiganda yanapanuka karibu asilimia 9. Vitu vingi vinajikunja vikiganda, maji hapana, na njo maana barafu inaelea. Waache fasi ku shingo ya chupa, ao watumie plastiki.

*

*Yaya Mwalimu, miye naanza kutumia gesi ku nyumba. Nikitikisa chupa nasikia maji ndani, lakini nikifungua inatoka hewa. Tena nikipika kwa muda chupa inakuwa baridi na inatoka jasho inje. Iko inavuja? Jirani ananiambia nikiona moto umepungua nilaze chupa ao niiweke karibu ya babula.* — Msomaji wa Mabanga

Jirani yako anakupenda lakini usimsikilize hata kidogo, na nitakuambia juu ya nini.

Ndani kuna butani na propani. Butani inachemka kwa nyuzi 0 hivi, propani kwa 42 chini ya sifuri, yaani hapa Goma zingekuwa gesi kila siku. Ku kiwanda wanazikandamiza na presha mpaka zinakuwa kimiminika, ni ile sheria ya sufuria ya presha ya mama wa Katindo: ukikandamiza, kuchemka kunakuwa kugumu. Njo ile unasikia inacheza ndani. Ukifungua kidude, presha ya juu inashuka kidogo, kimiminika kinaanza kuchemka mu chupa, gesi inapanda inaenda ku jiko. Na umeona huko nyuma kwamba kugeuka mvuke kunakula joto. Joto hilo linatoka wapi? Linatoka mu kimiminika chenyewe na mu chuma ya chupa, kwa hiyo chupa inapoa. Mvuke wa maji wenye uko mu hewa ya nyumba ukigusa ile chuma baridi unageuka matone. Hayo njo jasho, ni maji ya hewa, haitoki ndani. Kujua kama inavuja pakaa povu ya sabuni ku maungio, ukiona mapovu yanakua funga, fungua madirisha, na usiwashe kitu, hata taa.

Kulaza chupa: ukilaza, kimiminika ndicho kinaingia mu mpira badala ya gesi. Lita moja yake ikitoka inakuwa lita zaidi ya 200 za gesi, jiko lako halikutengenezwa kwa hiyo, moto utaruka mpaka ku dari. Kuweka karibu na babula: kimiminika kinapata joto, presha inapanda, inapanda, na chupa iko na mwisho wake. Chupa isimame wima, mbali na moto, fasi yenye hewa inapita chini, juu hii gesi ni nzito kuliko hewa inatambaa chini ku simenti. Moto ukipungua kabisa, chupa imekaribia kuisha, ubadilishe.

*

*Mwalimu, 2021 lava ilifika karibu na kwetu Buhene. Juu iligeuka jiwe jeusi haraka sana lakini ndani ilibaki moto siku nyingi, mvua ikinyesha inatoa moshi. Ni juu ya nini? Na yale matundu mu mawe ni ya nini?* — Msomaji wa Buhene

Pole kwa ile usiku wa tarehe 22 Mei, najua wenye walipoteza nyumba wengine bado hawajajenga.

Lava ni jiwe lenye liko mu hali ya kimiminika, zaidi ya nyuzi 1,000, na ile ya Nyiragongo iko nyepesi kutiririka kuliko za volkano nyingi za dunia. Sababu iko mu silika, ile kitu yenye inafunga jiwe na kulifanya zito kama uji mgumu. Lava yetu iko nayo kidogo, karibu asilimia 40, njo maana 1977, 2002 na 2021 ilikuwa inashuka mlima mbio. Juu kabisa inagusa hewa, inapoteza joto, inaganda. Lakini haigandi kwa namba moja kama maji ku 0, juu lava ni mchanganyiko wa madini mengi, mengine yanaganda mapema mengine yanachelewa, kwa hiyo inapita kipindi kirefu iko nusu jiwe nusu uji. Na kila sehemu yenye inaganda inatoa joto nje, ni lile deni la mwanafunzi wa Himbi, kwa hiyo ndani inajipasha yenyewe. Ongeza kwamba jiwe linapitisha joto polepole sana, lile ganda la juu linakuwa blanketi, basi unatembea juu yake mguu hauungui sana na chini kidogo tu bado ni moto wa kuchoma kiatu. Ile "moshi" ya mvua ni maji yenye yanaingia mu nyufa na kurudi kama mvuke.

Matundu, sasa. Chukua jiwe moja kutoka ku ukuta wa nyumba yoyote ya Goma uliangalie karibu. Utaona mengine madogo kama kichwa cha sindano, mengine yanaingiza kidole, na mara nyingi yamevutwa upande mmoja, ule upande lava ilikuwa inaenda. Chini ya mlima, mu presha kubwa, gesi zinakaa ndani ya lava bila kuonekana: mvuke wa maji, gesi kaboniki, gesi ya kiberiti. Lava ikipanda presha inashuka, gesi zinatoka kama mapovu, na yale yenye yalichelewa yamekutwa na jiwe linaganda. Yamebaki hapo, ku ukuta wako, povu kamili lenye ganda la jiwe.

*

*Bazee ba huku kwetu banasemaka ule ukungu mweupe wa asubuhi mu mashimo njo mazuku. Batoto banapitaka pale kutafuta kuni. Wakiona hakuna ukungu banashuka. Ni kweli?* — Mama, kando ya barabara ya Sake

Mama, hapana, na naomba uwaambie leo, usingoje kesho. Ukungu si mazuku, na fasi yenye haina ukungu inaweza kuwa na mazuku imejaa.

Ukungu ni maji. Usiku hewa inapoa, mvuke wa maji wenye ulikuwa ndani yake unageuka matone madogo sana yenye yanaelea, na matone njo yanaonekana meupe. Mvuke wenyewe hauonekani. Angalia birika ikichemka: pale ku mdomo kabisa, kabla ya ule weupe kuanza, kuna fasi ndogo yenye unaona kama hakuna kitu. Pale njo mvuke wa kweli. Weupe unaanza mbele kidogo, wenye umeshapoa na kuwa matone. Gesi nyingi ziko hivyo, haziko na rangi wala umbo la kuona.

Mazuku ni gesi kaboniki yenye inatoka mu udongo kupitia nyufa za volkano, upande wa Bulengo na Lac Vert mpaka kuelekea Sake ni fasi zenye zinajulikana. Haina rangi, na pua haikuonyi. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa mu mashimo, mu misingi ya nyumba, mu mabonde madogo, usiku na asubuhi mapema zaidi, wakati upepo haujaamka. Jua na upepo vikija inatawanyika. Mtu mzima anaweza kupita akiwa amesimama na mbwa wake akaanguka pembeni yake, juu pua ya mbwa iko chini. Mtoto ni vilevile, na mtu mwenye analala chini ni vilevile. Ikifika sehemu 10 kati ya 100 ya hewa mtu anapoteza fahamu haraka, wala hana muda wa kupiga kelele.

Kwa hiyo batoto wasishuke mu shimo asubuhi, iwe na ukungu ao haina. Ukikuta ndege ao panya amekufa mu shimo bila kidonda, hiyo ni alama, weka mawe ao miti watu wajue. Watu wengine wanashusha mshumaa wakiona unawaka wanashuka: usitegemee hiyo, mwili unaanza kuumizwa mbele ya mshumaa kuzima. Na mtu akianguka ndani, usimfuate mbio, najua ni mtoto wako na moyo utakusukuma, lakini wa pili anaanguka juu ya wa kwanza. Mvute na kamba ao mti mrefu ukiwa juu, ita watu.

Wengi wameuliza pia kama gesi ya ziwa Kivu ni hii hii. Sehemu kubwa ndiyo. Chini mu ziwa, lenye linaingia mpaka mita 480 hivi, kuna kilometa za ujazo karibu 300 za gesi kaboniki na karibu 60 za methani, gesi yenye inawaka. Haiko pale kama gesi wala haijageuka kimiminika, imechanganyika mu maji, inashikiliwa na uzito wa maji ya juu, kama mu chupa ya fanta yenye haijafunguliwa: unaiangalia huoni povu hata moja. Ndugu zetu wa Rwanda tangu 2016 wanatoa methani ku kituo cha KivuWatt, wanaingiza bomba chini, maji yakipanda presha inashuka, mapovu yanatoka yenyewe na wanafanya umeme. Ziwa Nyos kule Kameruni lilipasuka 1986 bila mtu kulifungua, gesi kaboniki ikashuka mu mabonde usiku, watu karibu 1,700 wakakufa. Maji ya chini ya Kivu ni mazito kwa chumvi, yanabaki chini, na wataalamu wa Goma wanaliangalia.

*

*Na ile gesi kaboniki yenyewe, Mwalimu, ukiipoza inakuwa maji yake? Prof anasema hapana.* — Mwanafunzi mwingine wa Himbi

Prof wako ana haki, kwa presha ya hewa yetu. Ukiipoza mpaka karibu 78 chini ya sifuri inaruka hatua ya kimiminika, inakuwa yabisi palepale, nyeupe kama theluji, na ikipata joto inarudi gesi bila kulowesha hata meza. Ili uione kama kimiminika unapashwa kuikandamiza kupita mara 5 ya hewa ya bahari. Mu zile chupa nyekundu za kuzimia moto zenye mdomo mpana mweusi, iko kimiminika: ikitoka presha inaisha ghafla, sehemu inageuka gesi, ingine inaganda kuwa unga mweupe baridi wa kuchoma ngozi, kwa hiyo usishike ule mdomo na mkono mtupu.